Bolti Iliyokatikia Ndani ya Injini: Yampasayo Mwenye Gari Kuyajua Kabla ya Kuruhusu Drili

Lengo la somo hili ni kumwezesha mwenye gari kufanya uamuzi wa busara pindi fundi anapomwarifu kwamba bolti imekatikia ndani ya injini. Si lazima msomaji awe fundi. Anachohitaji ni kuelewa kilichotokea, kuzijua njia zilizopo pamoja na hatari ya kila moja, na kupatana kuhusu gharama kabla kazi haijaendelea.

Tuanze na mfano. Mama mmoja ana gari dogo la petroli lililoagizwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Kila asubuhi anapowasha injini husikia mlio wa tiki-tiki, nao hufifia injini ikishapata moto. Fundi anatambua kwamba moshi unavuja kwenye gasketi ya manifoldi ya ekzosi, yaani lile bomba la chuma linalokusanya moshi wa silinda zote. Kazi yenyewe ni ndogo: kufungua bolti chache, kubadilisha gasketi na kufunga tena. Wanapatana bei, mama anaacha gari gereji. Saa saba mchana simu inalia.

"Mama, bolti moja imekatika. Kichwa kimetoka na spana, mwili umebaki ndani."

"Sasa itakuwaje, fundi?"

"Usiwe na wasiwasi, mama. Tutaitoboa itoke."

Neno hilo la mwisho ndilo linaloweza kugeuza kazi ya gasketi kuwa kazi ya kununua silinda hedi nzima. Jibu lifaalo ni fupi: "Asante kwa kuniambia. Naomba usiiguse kwanza, nafika tuitazame pamoja." Fundi mwema hatachukia kuambiwa hivyo. Bolti iliyokatika leo haitaharibika zaidi ikingojea hadi kesho. Kwa hakika, kama tutakavyoona, huenda kungoja kukaisaidia.

Kwa nini bolti hukatika

Bolti za manifoldi huishi maisha magumu. Injini ikiwaka hupata moto mkali, ikizimwa hupoa, na mzunguko huo hurudiwa maelfu ya mara. Kutu nayo hupenya kwenye nyuzi, yaani ile mistari iliyochongwa kuzunguka bolti, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, bolti hubanwa ndani ya tundu lake kama kabari. Silinda hedi za magari mengi ya siku hizi ni za alumini, na chuma kikigusana na alumini penye unyevu hutokea ulikaji wa namna nyingine, unaoacha unga mweupe ambao nao hushikamanisha kama saruji. Gari lililokaa miaka mingi Mombasa au Lamu, penye hewa ya chumvi, liko katika hatari zaidi. Ndivyo lilivyo pia gari lililotoka sehemu za baridi za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji. Gari linaloingia nchini likiwa halijazidi umri wa miaka 8, kama kanuni zinavyotaka, laweza kung'aa juu na kuwa limeoza chini.

Sababu ya pili ni mkono wa binadamu. Bolti ya kawaida yenye unene wa milimita 8, iliyogongwa alama ya 8.8 kichwani, hukazwa kwa takriban nyutonimita 25. Hiyo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 10 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 25. Fundi akichomeka bomba ili kurefusha spana hiyo hadi mita moja, mzigo uleule unakuwa takriban nyutonimita 100, mara nne ya inavyopaswa kukazwa. Huenda bolti isikatike siku hiyo. Itakatika miaka mitatu baadaye, mikononi mwa fundi mwingine asiye na hatia.

Hilo twalisema makusudi, kwa kuwa walalamikaji wengi huamini kwamba aliyeshika spana bolti ilipokatika ndiye mkosaji. Sivyo daima. Bolti iliyooza hukatika hata mikononi mwa fundi hodari kupita wote, na si haki kumtoza kwa kutu ya miaka 15. Uzembe, ukiwapo, huonekana kwingine: je, alinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu na kuyapa muda? Je, alirefusha spana kwa bomba? Na zaidi ya yote, alifanya nini baada ya bolti kukatika? Madhara makubwa karibu yote huzaliwa katika jaribio la pili na la tatu, pale mtu anapofanya haraka kuficha au kufidia lile la kwanza.

Mambo ya kutazama kabla ya kuchagua njia

Ufikapo gereji, omba mwanga na utazame. Je, kipande kilichobaki kinachomoza nje, kimelingana na uso wa injini, au kimezama? Kikichomoza hata kwa milimita 5, una bahati, na drili haina nafasi hapo kabisa.

Uliza pia kilikatika wakati gani. Bolti iliyokatika ikifunguliwa imeshikwa na kutu mwili mzima. Lakini iliyokatika ikikazwa, au iliyojikatikia yenyewe njiani kwa uchovu wa chuma, mara nyingi imekaa ndani bila kubanwa na chochote, kwa sababu kilichokuwa kikiibana ni kichwa ambacho sasa hakipo. Bolti ya namna hiyo huweza kuzungushwa ikatoka kwa ncha kali ya panchi na nyundo ndogo, katika dakika chache. Ni jambo la kusikitisha kuona watu wakitoboa kitu ambacho kingetoka kwa kusukumwa na ncha ya chuma.

Kisha tundu lenyewe ni la metali gani? Sumaku itakujibu: hushika chuma cha kusubu, haishiki alumini. Na nyuma ya tundu kuna nini? Matundu mengine yana mwisho wake. Mengine hupenya hadi kwenye njia ya maji ya kupoza injini au ya oili, na mtobozi asiyejua hilo hutoboa hadi majini. Bolti kubwa zinazofunga silinda hedi kwenye bloku, na plagi za kupasha moto injini za dizeli, ni kesi za pekee zinazohitaji fundi mwenye vifaa maalumu; tusiyoyasema hapa kuzihusu yasichukuliwe kuwa yameruhusiwa.

Njia zenyewe, kuanzia iliyo salama zaidi

Kanuni ni kwamba hakuna njia inayopaswa kujaribiwa kabla ile isiyo na madhara kuliko yenyewe haijashindwa.

Ya kwanza ni mafuta na muda. Mafuta ya kupenya kutu hunyunyizwa kwenye mzizi wa bolti, bolti ikagongwa polepole kwa nyundo ili mtikisiko uyafungulie njia, yakaachwa, yakarudiwa. Usiku mmoja ni bora kuliko nusu saa. Fundi anayelipwa kwa kazi, si kwa saa, hana sababu ya kupenda kungoja. Mwenye gari ndiye wa kumpa ruhusa hiyo kwa kumwambia wazi kwamba halihitaji gari jioni hiyo.

Ikiwa kipande kinachomoza, hufuata koleo la kubana lenye kufuli, na huzungushwa mbele na nyuma, si upande mmoja tu. Robo mzunguko kufungua, kidogo kurudisha, mafuta tena. Anayelazimisha mwelekeo mmoja hukikata tena, safari hii chini zaidi.

Njia ya tatu ni joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, hivyo silinda hedi ikipashwa moto kuzunguka bolti, tundu hupanuka kuliko bolti na mshiko hulegea. Hapa tahadhari ni za lazima. Mabomba ya petroli, nyaya na plastiki zilizo jirani ziondolewe au zikingwe, kizima moto kiwe karibu, na mafuta yaliyonyunyizwa yafutwe kwanza. Kamwe sehemu isisafishwe kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kupashwa moto au kuchomelewa, kwa maana dawa hiyo ikiungua hutoa gesi yenye sumu kali.

Njia ya nne ndiyo tunayoipendekeza zaidi kwa bolti iliyokatika usawa wa uso, au iliyozama kidogo, nayo ni kuchomelea nati juu yake. Nati huwekwa juu ya kipande kilichobaki, fundi wa kuchomelea akalijaza tundu la nati kwa chuma kilichoyeyuka hadi viwili vikawa kitu kimoja, kisha baada ya kupoa kidogo nati huzungushwa kwa spana. Uzuri wake ni maradufu: bolti hupata kichwa kipya, na joto kali linaloingia katikati ya bolti huivunja kutu iliyoishikilia. Chuma kilichoyeyuka hakishikamani kirahisi na alumini, kwa hiyo silinda hedi haidhuriki mikononi mwa mtu makini. Mara nyingi nati ya kwanza hubanduka, hata ya pili. Si dalili ya kushindwa, kwani kila jaribio huongeza joto. Nati isiwe ile iliyopakwa zinki, kwa kuwa moshi wake hudhuru mapafu, na betri ya gari ifunguliwe kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa, la sivyo kompyuta ya injini yaweza kuungua. Gereji nyingi za jua kali hazina mashine hii, lakini mara nyingi jirani yao anayo. Kumwita fundi wa kuchomelea kwa nusu saa ni gharama ndogo ukilinganisha na yanayofuata.

Drili, na kifaa kinachoogopwa

Endapo hayo yote yameshindwa, ndipo drili inaporuhusiwa. Ugumu wake si kutoboa bali kutoboa katikati. Bolti ni chuma kigumu, silinda hedi ni alumini laini. Biti ikiteleza hata kidogo itakimbilia kwenye ulaini, itachimba ukuta wa tundu na kuiacha bolti ikiwa nzima kando yake. Kwa hiyo uso wa bolti husawazishwa kwanza kwa faili, kitovu hugongwa panchi baada ya kupimwa, na tundu huanzwa kwa biti nyembamba ya milimita 3, kwa mwendo wa polepole wenye mafuta. Baada yake hupanuliwa kwa hatua. Kwa bolti ya milimita 8 upana usizidi milimita 6.5 au hivi, ili nyuzi za injini zisiguswe. Fundi aliye na biti inayokata kwa kuzunguka kinyume ana faida kubwa: inapokata, inaivuta bolti kuelekea kufunguka, na mara kwa mara bolti hutoka yenyewe kabla ya tundu kukamilika.

Mahali wazi pote, hasa milango ya silinda na ya tabo, hufunikwa kwa kitambaa, na biti hupakwa grisi ili ikamate vumbi la chuma. Chembe moja ikiingia kwenye silinda hukwaruza kuta zake.

Sasa tukifikie kile kifaa kinachouzwa kwa bei ndogo katika kila duka la vifaa: kitoa-bolti, kipande cha chuma chenye mikunjo inayozunguka kinyume, kinachopigiliwa kwenye tundu lililotobolewa na kuzungushwa ili kiitoe bolti. Kwa bolti isiyobanwa sana hufanya kazi vizuri. Kwa bolti iliyooza ndani ya injini, sisi hatukipendekezi. Kimefanywa kigumu sana ili kishike, na kila kilicho kigumu sana huvunjika ghafla pasipo kupinda. Tena, kwa umbo lake la kabari, huisukuma bolti itanuke na kubanwa zaidi. Kikivunjikia ndani, biti za kawaida haziwezi kukitoboa, kwa kuwa ni kigumu kuliko zenyewe. Hapo itabidi silinda hedi ing'olewe na kupelekwa karakana yenye biti za kabaidi au mashine inayokula chuma kwa cheche za umeme. Fikiri mwenyewe: kama nguvu ya bolti nzima haikutosha kuifungua, kifaa chembamba kuliko bolti hiyo kitatoa wapi nguvu?

Ikiwa nyuzi za injini zimeharibika, mwenye gari asikate tamaa. Tundu hupanuliwa, likachongwa nyuzi mpya kwa tapu, na koili ya waya wa chuma cha pua, kama ile ijulikanayo kwa jina la Heli-Coil, ikaingizwa ndani yake. Bolti ya ukubwa uleule wa awali hufungwa humo. Si kiraka cha kuonea haya: ndani ya alumini, nyuzi za chuma cha pua mara nyingi huwa imara kuliko zile za kiwandani. Usichopaswa kukubali ni gundi ya chuma kujazwa kwenye tundu la manifoldi. Joto la ekzosi litaimaliza, nawe utarudi na mlio uleule wa tiki-tiki.

Mapatano kabla ya kazi kuendelea

Turudi kwa yule mama aliyesimama gereji. Sasa anajua cha kuuliza: umejaribu nini hadi sasa, utajaribu nini kwanza, kila hatua ni shilingi ngapi, na utasimama wapi uniite? Swali la nne ndilo lenye uzito. Mapatano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, kwa maneno kama haya: "Fundi, tumepatana mafuta hadi kesho asubuhi, kisha kuchomelea nati kwa bei tuliyoelewana. Usitoboe kabla ya kuongea nami." Piga picha ya bolti ilivyo sasa, tundu likionekana wazi. Picha hiyo ndiyo itakayoonyesha baadaye kama tundu lilikuwa zima kabla ya drili.

Suala la nani alipe ni bora lijadiliwe hapohapo. Maoni yetu ni kwamba kazi ya kuitoa bolti iliyooza ni ya mwenye gari kuilipia, kwa kuwa kutu ni yake. Lakini gharama ya tundu lililotobolewa upande, au ya kifaa kilichovunjikia ndani bila ruhusa yake, ni ya aliyefanya kazi. Fundi akilikubali hilo mapema, ni dalili kwamba anaujua uwezo wake.

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu maalumu kuhusu matengenezo ya magari na bidhaa nyingine. Inahusu makadirio ya gharama, idhini ya mteja kabla ya kazi na kurudishiwa sehemu zilizoondolewa. Dai basi bolti yako, vipande vyote, hata kama haina thamani. Bolti iliyokatika huonyesha ilivyokatika: sehemu iliyokuwa na ufa wa zamani huwa na rangi nyeusi au ya kutu, na iliyokatika leo hung'aa. Itie kwenye bahasha pamoja na risiti yenye tarehe na maelezo ya njia iliyotumika.

Unaponunua bolti mpya, ibadilishe pamoja na wenzake wote waliokaa mahali hapo, maana wameoza kwa miaka ileile. Tazama alama ya nguvu kichwani, kama 8.8 au 10.9, bolti isiyo na alama yoyote isiingie kwenye injini. Urefu ulingane na wa awali, kwa kuwa iliyo ndefu mno hugonga mwisho wa tundu na kuonekana imekaza ilhali haijabana kitu. Fundi akaze kwa toki renchi kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari.

Ikiwa mmeshindwa kuelewana, andika malalamiko yako kwa lugha ya utulivu, ukieleza mlichopatana, kilichofanyika na unachodai, kisha umpe fundi au mwenye gereji nakala na siku kadhaa za kujibu. Asipojibu, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, nawe unaweza kujiwakilisha bila wakili. Nenda na picha, ujumbe wa mapatano, risiti na ile bahasha. Ikiwezekana, pata pia maandishi ya fundi wa pili aliyeliona tundu kabla halijarekebishwa, kwa kuwa likisharekebishwa hakuna atakayeweza kusema lilikuwaje.